Kipindi cha 38: Jino la Dogo

ZUHURA: Shikamoo, kaka Kessy.

KESSY: Marahaba. Umelala?

ZUHURA: Nimelala jana. Wasikilizaji mtanisamehe sauti, nilifoka kwenye hanga, karakana yetu ya ndege, mpaka mlinzi akaja na rungu.

KESSY: Kabla hujaenda mbali, naliweka hili kwenye rekodi: leo ni jedwali la kupima hatari. Tuliahidi. Tano kwa tano, uwezekano upande huu, madhara upande ule, tunajaza kisanduku kwa kisanduku. Karatasi zangu hizi hapa, nimezichapa kwa hela yangu.

ZUHURA: Tutajaza. Mimi nimekuletea mfano wa kujazia. Jumanne usiku tuna Caravan, ile ndege ndogo, tumefungua sakafu tunakagua kebo za usukani, na saa kumi na mbili asubuhi inatakiwa ikapakie abiria. Saa tisa usiku tumemaliza, tumefunga paneli, nahesabu vifaa. Unaujua ubao wetu, kila spana imechorewa umbo lake, ukitoa kitu pale panabaki tundu linakutazama.

KESSY: Na kwenye tundu kuna kibati.

ZUHURA: Kibati chenye namba ya aliyechukua. Tundu la kioo. Kibati changu.

KESSY: Ehe!

ZUHURA: Kioo kile kidogo cha kuchungulia nyuma ya vitu. Ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa, mkono wake unavutika kama antena ya redio. Sanduku langu, hakuna. Mfuko wa ovaroli, hakuna. Nikatangaza hapo hapo: ndege haitoki.

KESSY: Hapo nakupa heko. Wengi wangesema "kitakuwa kimedondoka huko nje".

ZUHURA: Tukafungua paneli upya, zote. Kioo kile kikikaa kwenye kapi, rubani anavuta usukani, usukani hauji. Tumelala kifudifudi tunapapasa, dogo mmoja wa fildi, wiki yake ya tatu, anatumulikia tochi. Saa kumi na moja ndiyo nikasimama nikasema: jamani, sitafuti mtu, natafuta kioo. Mwenye kujua lolote aseme, ndege imeshachelewa, hakuna kitakachoharibika zaidi. Dogo akazima tochi. "Dada, nilikitumia kuangalia jino."

KESSY: [kicheko] Jino?

ZUHURA: Gego. Linamuuma siku tatu. Kachukua kioo kwenye sanduku langu, kaenda chooni, kachungulia, kakiweka dirishani.

KESSY: Kioo cha ndege. Kilichotoka kwenye mafuta ya injini. Mdomoni.

ZUHURA: Mdomoni, kaka. Mwenyewe anasema alikifuta.

KESSY: Kwa kitu gani, kwa kitambaa cha kufutia grisi? [kicheko kirefu] Subiri, subiri. Hiyo tochi alikuwa ameshika nani?

ZUHURA: Yeye.

KESSY: Saa mbili nzima anawamulikia mtafute kitu anachojua kiko chooni.

ZUHURA: Mwanzoni alisahau. Halafu akakumbuka, akaogopa.

KESSY: Umemwandikia barua ya onyo?

ZUHURA: Nimemwandikia taarifa ya tukio. Bila adhabu. Na nimempa ruhusa akang'oe jino.

KESSY: Hapana. Hapana, Zuhura.

ZUHURA: Nilijua.

KESSY: Kusahau, sawa. Hata kuazima kioo bila kusema, sawa, utoto. Lakini kujua na kunyamaza huku watu wanafungua sakafu! Hata hao wanaohubiri utamaduni wa haki wanachora mstari hapo: kosa hili tunajifunza, la makusudi lile tunawajibisha. Tena ona alichozalisha. Paneli zilikuwa zimefungwa vizuri. Mmezifungua tena alfajiri, mmechoka, ndege inadaiwa. Kila skrubu uliyoirudisha saa kumi na moja ni nafasi mpya ya kukosea. Ukimya wake ndio kihatarishi, kioo chooni hakikuwa na shida na mtu.

ZUHURA: Zilikaguliwa upya na mtu mwingine kabla sijasaini.

KESSY: Na kama huyo mwingine naye jino linamuuma?

ZUHURA: Basi tuzungumzie jino! Fomu yangu ina sehemu ya uchovu, ina sehemu ya pombe. Jino halimo. Mtu hajala siku mbili, hajalala, kakabidhiwa tochi. Ile orodha ya vitu kumi na viwili vinavyomkosesha fundi, ya Gordon Dupont wa Kanada, ya 1993, uchovu umo, msongo umo. Sisi tumeibandika ukutani. Hakuna aliyemuuliza kijana shavu limevimba kwa nini.

KESSY: Jino nalijua mimi. Jino hulijui wewe. Mimi niko stoo, miaka ile, nina jino la juu huku, nimelijaza karafuu mpaka ulimi umekufa ganzi. Saa nane usiku fundi anakuja, anataka ringi za mpira za kuzuia mafuta. Wasikilizaji, mpira unazeeka hata ukiwa ndani ya pakiti, kwa hiyo pakiti ina tarehe. Nikampa. Sikusoma tarehe. Nilikuwa nataka tu aondoke nirudi kulala na jino langu.

ZUHURA: Imepita?

KESSY: Ilishapita. Nimekuja kuona kwenye leja.

ZUHURA: Saa ngapi?

KESSY: Asubuhi.

ZUHURA: Asubuhi saa ngapi, kaka Kessy?

KESSY: Saa kumi na mbili, nakabidhi zamu.

ZUHURA: Ukasema saa ngapi?

KESSY: ... Saa nne.

ZUHURA: Saa nne! Dogo kanyamaza saa mbili, wewe ukanyamaza nne!

KESSY: Ndege ilikuwa ndani ya hanga. Haikuwa na safari siku ile. Usinichanganye na dogo.

ZUHURA: Dogo naye ndege ilikuwa ndani ya hanga. [kicheko] Jino lako lina cheo kuliko lake?

KESSY: Nilipewa barua na nikakatwa mshahara wa siku tatu, na nilistahili. Ndiyo hoja yangu. Mpaka leo hata maziwa dukani nasoma tarehe.

ZUHURA: Na baada ya barua ile, uliwahi kwenda mwenyewe kusema umekosea?

KESSY: Sikukosea tena.

ZUHURA: Miaka yote ile ya stoo?

KESSY: ... Tuendelee na jedwali.

ZUHURA: Hatuendelei. Hilo ndilo ninalosema mimi. Barua ilikufundisha kusoma tarehe, sawa. Ilikufundisha na kufunga mdomo.

KESSY: Hujui hilo.

ZUHURA: Wewe unajua.

KESSY: Najua kwamba stoo tukisema hatusikilizwi, hilo ndilo ninalojua. Chukua ile ndege ya BAC 1-11 ya British Airways, Juni 1990. Meneja wa zamu anabadilisha kioo cha mbele cha rubani usiku Birmingham. Anakwenda stoo na bolti ya zamani mkononi, analinganisha kwa macho, hafungui katalogi. Mtu wa stoo anamwambia: kioo kile kinafungwa na bolti za namba 8D. Jamaa anataka 7D, kwa sababu alizotoa zilikuwa 7D. Na zile alizotoa nazo hazikuwa sahihi! Miaka minne zimekaa pale. Idadi yake stoo haikutosha, akaenda stoo nyingine isiyo na msimamizi, gizani, akachukua nyingine nyembamba zaidi akidhani ni zile zile. Bolti 90, 84 nyembamba. Ndege imepanda zaidi ya futi 17,000, kioo kikang'oka, kapteni kachomoka nusu mwili nje, wenzake wanamshika miguu mpaka Southampton. Akapona, Mungu mkubwa. Lakini mtu wa stoo alisema.

ZUHURA: Alisema mara moja, hakusisitiza. Kwa nini hakusisitiza? Aliyekuwa mbele yake ni bosi wa zamu.

KESSY: Hatujui kama ni woga.

ZUHURA: Na mimi sijui. Lakini hanga ambayo mtu akisema anapewa barua, kesho anayejua bolti sahihi atajisemea "shauri yake".

KESSY: Unanigeuzia mfano wangu.

ZUHURA: Chukua basi wangu. Ndege ya A380 ya Qantas, shirika la Australia, Desemba 2023, matengenezo Los Angeles. Kifaa cha nailoni cha kuzungushia injini wakati wa ukaguzi, urefu mita moja na robo...

KESSY: Mita moja na robo! Huo ni mwiko wa pilau ya harusi.

ZUHURA: Mwiko umebaki ndani ya injini. Na walijua umepotea! Walitafuta, hawakuuona, ndege ikasainiwa itoke. Safari 34, saa 294 hewani, ukapatikana tarehe 1 Januari 2024. Utaratibu wa kifaa kilichopotea ulikuwepo, haukuanzishwa kabla ya kusaini.

KESSY: Hapo utaadhibu?

ZUHURA: Hapo nitauliza kwanza. Nani alikuwa anasubiri ndege ile, saa ngapi, nani anapiga simu kila dakika tano.

KESSY: Na dogo naye angeulizwa. Mimi nataka aulizwe kwa maandishi, na jibu likae kwenye faili lake.

ZUHURA: Faili la mtoto wa fildi! Barua ile ikienda chuoni kwao unadhani wataandika "alikuwa na jino"?

KESSY: Waandike alichofanya. Kesho kutwa ana leseni, anasaini ndege ambayo mama yangu anapanda. Mimi nataka ajue kwamba kunyamaza kuna bei.

ZUHURA: Na mimi nataka ajue kusema ni bure. Basi.

KESSY: Basi. Hatukubaliani.

ZUHURA: Hatukubaliani. Hiyo sauti ni nini?

KESSY: Luku. Uniti zinaisha.

ZUHURA: Si ulisema umenunua?

KESSY: Nilichapa karatasi. Haya, haraka, jedwali. Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kilianza kutumika Novemba 2013, kinataka... hapana, hatuna muda. Namba 5 hadi 1 ni uwezekano, herufi A hadi E ni madhara, 5A hairuki, 1E endelea na kazi. Kioo chako umekipa ngapi?

ZUHURA: 1E. Kimepatikana chooni.

KESSY: Zuhura! Hupimi kilipopatikana, unapima kilipoweza kuwa! Kwenye kapi ni A, hiyo haina mjadala, tunabishania namba tu...

ZUHURA: Aa. Ngoja... Hilo nitalirekebisha kesho. La barua silirekebishi.

KESSY: Wiki ijayo basi, tuanze na jedwali. Jino lisitajwe.

ZUHURA: Limeshang'olewa, asubuhi. Kanitumia picha.

KESSY: Usinionyeshe. Kioo je, kimeoshwa?

ZUHURA: Kiko kabatini kwa mkaguzi wa ubora, kwenye mfuko wa nailoni. Kaandika kwa kalamu nyekundu: KISITUMIKE.

KESSY: Sababu kajaza nini?

ZUHURA: "Mate."