Sari ya sherehe bila hariri: namna ya kuichagua na kuipima

Karibuni. Hapa mezani nina sari tatu kutoka India, na zote zinang'aa. Moja ni pamba tupu, moja ina hariri nusu, ya tatu ni polista. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, kwa hiyo leo tutatumia sindano, kiberiti na pua.

Kwanza sababu ya kuikwepa hariri, kwa ufupi. Kiwavi wa hariri hujisokotea kifukofuko kwa uzi mmoja mrefu, unaoweza kufika mita 900 na zaidi. Akiachwa atoke akiwa nondo, anakitoboa na uzi unakatikakatika. Ndiyo maana huuawa kwa mvuke au maji ya moto akiwa bado mle ndani. Sari moja hula maelfu ya vifukofuko, na Wajaini wengi, wafuasi wa dini ya India inayokataza kudhuru kiumbe, hawavai hariri kwa sababu hiyo. Najua mtaniuliza kuhusu hariri ya ahimsa, yaani ya kutodhuru kiumbe, ile ya Kusuma Rajaiah wa Hyderabad, ambayo nondo huachwa atoke kwanza. Ni afadhali, sikatai, lakini mdudu mwenyewe amefugwa hadi hawezi tena kuruka, na bei yake imechangamka. Leo tunatafuta nguo isiyo na hariri kabisa.

Hatua ya kwanza: jiulize, kwenye hariri unapenda nini? Kama ni mng'ao, tafuta pamba ya mesaraizi. Ni uzi wa pamba uliopitishwa kwenye kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, huku umevutwa ukakaza. Unatoka umejaa, laini, unarudisha mwanga na kushika rangi vizuri. Kama unapenda nguo inayoteremka mwilini, tafuta modali, kupro au viskosi, ambazo hutokana na miti au nyuzi fupi za mbegu za pamba. Viskosi ina doa lake: moja ya kemikali za kuitengeneza huwadhuru wafanyakazi wa kiwandani. Ukipata liyoseli, nayo ya miti ila haitumii kemikali hiyo, chukua hiyo. Polista inang'aa kwa bei ndogo, ila ukae nayo saa tano kwenye ukumbi wa harusi Dar es Salaam mwezi Februari, utanikumbuka.

Hatua ya pili: uliza sari imetoka wapi. Kasavu ya Kerala, hii nyeupe ya maziwa yenye pindo la dhahabu, kimila ni pamba, na ndiyo wanayovaa kwenye sikukuu ya Onam. Mangalagiri ya Andhra Pradesh nayo ni pamba, imara, yenye ukingo wa zari, yaani uzi wa dhahabu. Ukivaa hizi huigizi hariri wala huombi radhi. Ni nguo za sherehe kwa haki yake. Kuwa macho na Chanderi na Maheshwari za Madhya Pradesh, pamoja na Kota doria ya Rajasthan. Hapo pamba na hariri huchanganywa sana, na muuzaji akikuambia "pamba" huenda hadanganyi, ametaja nusu tu. Lebo ikiandikwa "art silk", hiyo ni hariri bandia, aghalabu viskosi au polista.

Kaka zangu mnaotafuta kitambaa cha sherwani, lile koti refu la sherehe, ulizeni kitambaa cha mashru cha Gujarat, cha Patan au Mandvi. Zamani ilifumwa hariri ikiwa juu na pamba ikigusa ngozi, ili Mwislamu mwanamume aivae bila hariri kumgusa mwili. Siku hizi wafumaji wengi wameweka viskosi mahali pa hariri, na mng'ao uko palepale. Nayo ipimeni kabla ya kulipa.

Hatua ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Nenda kwenye ncha ya sari, upande wa kipande cha blauzi. Kwa sindano, chomoa uzi mmoja wa mtande, unaokwenda kwa urefu, na mmoja wa mshindio, unaokatiza upana. Usiuchome mmoja ukaridhika. Ushike kwa kibano juu ya sahani yenye maji. Tazama, huu ni mshindio wa Chanderi yangu: unawaka upesi, unanuka karatasi, majivu mepesi ya kijivu. Ni pamba, ingawa viskosi nayo huungua hivyohivyo. Sasa mtande wa sari ileile: unajikunja, moto unasinyaa wenyewe, na harufu ni ya nywele zilizoungua. Donge hili jeusi linasagika vidoleni. Hariri hiyo! Polista huyeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu isiyovunjika.

Hatua ya nne wengi huiruka: zari. Nasogeza kamera. Zari ya asili ni waya mwembamba wa fedha uliopakwa dhahabu, umezungushwa kwenye uzi. Nakwangua kwa ncha ya sindano, waya unafunguka kama springi, na katikati unaonekana uzi, mara nyingi umetiwa rangi nyekundu au njano. Huo uzi wa katikati unaweza kuwa hariri hata kama sari nzima ni pamba, kwa hiyo uchome nao. Ukikuta ni pamba, viskosi au polista, umevuka. Dukani, mwombe muuzaji akukatie uzi wa ncha; anayekataa, hamia duka la jirani.

Ukishainunua, ifue kwa mkono, maji baridi, peke yake mara ya kwanza. Pamba itie wanga mwepesi na uipige pasi ikiwa na unyevu. Mikunjo ya kiunoni itasimama yenyewe. Kwenye zari weka kitambaa katikati, pasi isiiguse. Kabatini, kila baada ya miezi michache ifungue na uikunje kwa mistari mingine, maana zari hukatikia palepale inapokunjwa siku zote.