Geji Ikifika Nusu, Piga Simu

Asanteni. Wazee wangu, akina mama, vijana, karibuni. Nimepewa nusu saa, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Najua baadhi yenu mmeshangaa. Mwezi wa nane, jua la Portland linawaka, fundi anatuita kuzungumzia mafuta ya kupasha nyumba joto? Ndiyo, na wakati wake ni huu. Mwezi wa kwanza hakuna anayekuja kusikiliza. Mwezi wa kwanza mnanipigia simu saa nane za usiku, na watoto nawasikia wakilia nyuma ya simu.

Hapa Maine karibu nusu ya nyumba, au zaidi, zinapashwa joto kwa mafuta, na hakuna jimbo jingine la Marekani linaloyategemea hivi. Aliyetoka Uvira, Bujumbura au Mombasa hajawahi kuishi na tangi la mafuta chini ya nyumba. Anapewa ufunguo, anaonyeshwa temostati ukutani, mwenye nyumba anaondoka. Nani amempeleka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, akamwonyesha geji, kile kipimo cha mafuta juu ya tangi? Hakuna. Hilo linaniuma.

Nimelisema kila nilipopewa nafasi na leo nalirudia: geji ikifika nusu, piga simu uagize mafuta. Nusu. Sikusema robo.

Mtaniambia, fundi, nusu bado ni mafuta mengi. Haya, tuhesabu. Tangi la kawaida la nyumba hapa ni la galoni 275, na halijazwi mpaka juu kabisa, hewa lazima ibaki. Geji ikisoma robo, una galoni kama 65. Wauzaji wa mafuta wana hesabu yao: wanachukua nyuzi 65 za Farenhaiti, wanatoa wastani wa joto la siku ile, tofauti wanaiita digrii-siku. Wastani wa siku ya Januari hapa Portland ni kama nyuzi 25, yaani 4 chini ya sifuri kwa Selsiasi. 65 toa 25 ni 40. Nyumba inayochoma galoni moja kwa kila digrii-siku 6, siku hiyo inachoma karibu galoni 7. Robo yako imekuwa siku 9.

Sasa ije baridi yenyewe, wastani ushuke mpaka nyuzi 5 za Farenhaiti. Digrii-siku ni 60, nyumba ileile inachoma galoni 10 kwa siku. Robo yako ni siku 6, na hizo ni hesabu za karatasini, kwa sababu chini kabisa ya tangi kuna tope na maji ambayo hutaki yaingie kwenye boila, mashine inayochoma mafuta. Wiki hiyohiyo ya baridi kila mtu mjini anaagiza mafuta. Kampuni zinahudumia kwanza wateja wao wa kudumu. Wewe uliyepiga simu kwa mara ya kwanza unaambiwa siku tano, wakati mwingine wiki. Siku 6 za mafuta, wiki ya kungoja. Mnaona tunakoelekea?

Hata serikali inalijua hili. Mpango wa HEAP, unaowasaidia wenye kipato kidogo kulipia joto la nyumba, una msaada wa dharura, na kwa tangi la galoni 275, geji ikisoma robo au chini yake inahesabiwa kuwa dharura. Serikali inaita robo dharura, na wewe unaiita akiba!

Na kuna sababu nyingine ya kusema nusu. Kampuni nyingi haziji kwa oda ya chini ya galoni 100, au zinakuja kwa bei ya juu. Tangi likiwa nusu, galoni 100 zinaingia bila shida. Kwetu kila mtu anajua kwamba anayenunua makaa kwa kopo, mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya aliyenunua gunia. Mafuta ni vilevile. Galoni 20 za dharura usiku wa Jumapili ndizo mafuta ghali kuliko yote utakayonunua Marekani.

Kuna familia moja ya Lewiston, siitaji jina. Ijumaa ya Januari, geji iko chini ya robo. Baba anasema tutaagiza Jumatatu mshahara ukiingia. Jumatatu yenyewe ni sikukuu ya Martin Luther King, ofisi zimefungwa, na yeye hajui. Jumamosi usiku boila inazima. Anashuka chini, anaona kitufe chekundu cha kuiwasha upya, anabonyeza. Boila inanguruma kidogo, inazima. Anabonyeza tena na tena. Ndugu zangu, kitufe kile bonyeza mara moja. Ikikataa, acha! Mafuta kidogo yaliyobaki kwenye bomba yanarushwa ndani ya chumba cha moto kila unapobonyeza, na siku moto ukishika yanawaka yote kwa pamoja.

Basi nyumba inapoa. Mama anawaza watoto, na nani asingewaza? Anakumbuka jiko la makaa lililoko barazani, la kuchomea nyama kiangazi. Anataka kuliingiza ndani. Namshukuru Mungu kwamba jirani alikuwa hajalala, akamzuia. Wakati wa dhoruba ya barafu ya Januari 1998, umeme ulipokatika Maine, watu wengi walidhurika kwa kaboni monoksidi kutoka kwenye jenereta na hita walizowasha ndani au karibu mno na nyumba. Gesi hiyo haina harufu. Nyumba za hapa zimezibwa zisipitishe baridi, kwa hiyo hazipitishi hewa pia. Jiko la makaa haliingii ndani ya nyumba Maine, hata kwa dakika tano, hata dirisha likiwa wazi. Wala msiwashe oveni mkaacha mlango wake wazi.

Jumanne mafuta yalikuja, lakini boila haikuwaka, kwa sababu tangi likikauka hewa inaingia kwenye bomba na mara nyingi fundi lazima aje aitoe. Bomba la maji lililopita kwenye ukuta wa nje lilikuwa limeganda na kupasuka. Gharama ya usumbufu ule ingenunua mafuta ya wiki kadhaa. Na usiku ule wa Jumamosi kituo cha mafuta kilikuwa wazi dakika chache kutoka nyumbani kwao. Baba angechukua dumu la njano, galoni 5 za dizeli, akamimina kwenye bomba la tangi. Dizeli inafaa, ni ndugu wa mafuta haya. Petroli kamwe, petroli italipua nyumba. Akizima boila kabla ya kumimina, akangoja kidogo tope litulie, akaiwasha, huenda wangelala salama. Ikikataa kuwaka, hapo ndipo unamwita fundi.

Najua kuna anayesema moyoni, fundi anaongea tu, pesa za kununua galoni 100 natoa wapi? Mama, nakusikia. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, galoni ilipita dola 5 hapa Maine, na niliona watu wenye kazi mbili wakishindwa. Ndiyo maana nimewaita mwezi wa nane. Bei mara nyingi, si kila mwaka, huwa nafuu kiangazi, na kiangazi unaweza kujaza kidogo kidogo bila hofu. Tangi kukaa tupu miezi yote ya joto ni hasara pia: unyevu unageuka matone ukutani mwake kwa ndani, maji yanashuka chini, kutu inaanza. Kampuni nyingi zina mpango wa kugawanya bili ya mwaka kwa miezi. Ukilipia mapema, dai mkataba wa maandishi, sheria ya Maine inautaka.

Na HEAP msiingoje theluji. Fedha zinatoka serikali kuu, MaineHousing, shirika la nyumba la jimbo, inasimamia, maombi yanapokelewa na mashirika ya kaunti: huku Cumberland ni The Opportunity Alliance, Lewiston ni Community Concepts. Mpangaji naye anaweza kuomba. Usijikatae mwenyewe, acha wao ndio wakujibu. Usipojua pa kuanzia, piga 211, omba mkalimani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka haraka.

Boila isafishwe mara moja kwa mwaka, chujio na nozeli vibadilishwe, na iwe kabla ya Oktoba. Mpangaji, muulize mwenye nyumba kama imefanyika. Tangi likiwa nje, kama nyumba nyingi za trela, agizeni mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya kawaida hutoa nta kwenye baridi kali na bomba linaziba. Theluji ikianguka, fukueni njia mpaka kwenye mabomba mawili yaliyotokeza ukutani. Moja ni la kujazia, jingine la kupumulia. Dereva anajaza huku akisikiliza mluzi wa hewa inayotoka, ukinyamaza anajua limejaa. Bomba la kupumulia likizibwa na barafu, hawezi kujaza salama. Na king'ora cha kaboni monoksidi, kila ghorofa, betri mpya.

Kuna swali la wale ambao mafuta yamo ndani ya kodi. Ni refu, linahitaji siku yake. Kwa leo andikeni tarehe na kiwango cha joto kila siku nyumba inapopoa, mpige picha temostati, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi, si simu.

Fomu ziko kwenye meza ile ya nyuma. Wanaoishi Lewiston waanze, wana safari ya kurudi. Na ambaye hajawahi kuona geji yake, jioni hii ashuke besimenti na tochi, aipige picha, anitumie.