Huyo Mnayempiga Rungu Bandani

Ndugu wafugaji, kwamba nyoka wote hula nyama au mayai mnajua, sirudii. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: huyo mnayempiga rungu kwenye banda la kuku mara nyingine hana sumu, na meno yenyewe karibu hana.

Namsema nyoka mla mayai. Mwembamba, kichwa kidogo, mtu akimwona anacheka: "Huyu ndiye ameze yai la kuku?" Wadogo wao huishia kwenye mayai ya mnana, lakini nyoka jike mkubwa, hata yai la kuku analimeza. Taya lake la chini ni vipande viwili visivyoungana kidevuni, vimeshikwa na kano inayovutika. Taya halichomoki, achaneni na hadithi hiyo. Analiegemeza yai kwenye mkunjo wa mwili lisibingirike, anajisukuma juu yake taratibu, na ngozi ya shingo inatanuka mpaka magamba yanaachana. Likishapita kooni anajikunja. Pingili za uti wa mgongo wake zina miiba iliyotokeza hadi ndani ya umio. Hiyo ndiyo inayopasua ganda. Ute na kiini vinashuka tumboni. Halafu, mzee wangu wa nyuma pale, amka, hapa ndipo penyewe, anacheua ganda! Linatoka limebanwa, vipande vyake bado vimeshikana kwa ule utando wa ndani.

Najua kuna atakayeniuliza, "Na swila je?" Kweli, swila anakula mayai, na vifaranga pia. Lakini swila humeza yai na ganda lake, hakuachii kitu. Ukikuta ganda limebanwa hivyo, kesi ya swila ifute.

"Mbona anafoka, mwalimu?" Hafoki. Anasugua magamba ya ubavuni, anaachama kinywa cheusi, anajifanya kipiri. Mikwara mitupu! Ila sijasema mkamshike. Anafanana mno na wenye sumu, na asiyemjua asiguse. Rudi nyuma, acha mlango wazi.

Na anakuja kwa sababu mnamwita. Ndege wa porini wana msimu wa kutaga; ukipita, anaweza kufunga miezi. Kuku wenu hawana msimu, na yeye hutembea usiku. Okoteni mayai kabla ya magharibi, zibeni mianya kwa wavu wa matundu madogo. Basi.

Nilikuwa na chatu na kifutu, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka: chatu havunji mifupa ya mbuzi; anabana mpaka damu inashindwa kuzunguka. Wamarekani walilipima jambo hilo mwaka 2015 kwa boa, mbanaji mwenzake. Kifutu hujilaza tu akingoja panya apite, tena panya hao hao wanaomaliza pumba zenu.

Mkono ule nimeuona, na swali nalijua: nyoka kumnyonya ng'ombe. Meno yamepinda kuelekea kooni, midomo ya kunyonyea hana, halafu ng'ombe atulie tu? Hapana. Swali lingine.