Kabla Pesa ya Kisima Haijatumwa: Maji ya Kunywa Chini ya Mlima Meru

Wazazi wangu shikamooni. Na nyinyi wadogo zangu wa Usa River, Ngaramtoni, Kisongo na kote mnakonitazama, habari za huko? Leo nataka kuongea na yule aliyeachiwa kusimamia kiwanja, maana ndiye tunayempigia simu kutoka huku Marekani na kumwambia, "Tafuta mchimbaji, pesa ya kisima inaingia wiki hii." Naomba mchimbaji asubiri kidogo.

Ukijenga nje ya mji unapata nafasi, migomba nyuma ya jiko, na asubuhi mlima ukiwa wazi unauona wote. Ugumu uko kwenye maji, tena ni ugumu usioonekana kwa macho. Miamba ya Meru ni ya volkano, na maji yanayopita chini yake yanabeba floraidi, aina ya madini inayoyeyuka kwenye maji. Yanatoka meupe, ya baridi, hayana harufu. Kiwango cha juu cha kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, lakini upande wetu kuna chemchemi na visima vinavyopita 10. Huku Marekani miji mingi inaongeza floraidi kwenye maji ya bomba kwa ajili ya meno, ila lengo lao ni 0.7 tu. Kwa hiyo ndugu wa huku akikwambia floraidi ni nzuri kwa meno, muulize ni kiasi gani.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi karibu miaka 8. Madoa ya kahawia yakishaingia wakati huo, hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoyatoa. Na mtu akinywa floraidi nyingi kwa miaka, inahamia kwenye mifupa.

Sasa tusikilizane hapa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaiongeza. Chukua lita 10 za maji yenye miligramu 3 kwa lita, yachemshe mpaka zibaki lita 8: maji yamepungua, floraidi yote imebaki, umefika 3.75. Dawa ya klorini inaua vijidudu lakini floraidi haiigusi. Chujio la kitambaa au la udongo, vivyo hivyo. Na mama zangu, magadi ya kulainishia maharage na makande yanaweza kuja na floraidi yake pia. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Kwa hiyo anza na kupima. Omba maji kwa jirani mwenye kisima cha karibu, ingawa jibu lake ni dalili tu, kwa kuwa visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana. Tumia chupa ya plastiki ya lita 1, ya kioo hapana. Acha pampu itiririshe kwanza, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, jaza, andika mahali na tarehe. Peleka maabara ya maji, na utaje kwamba unataka floraidi, usije ukapimiwa vijidudu peke yake. Kisima chako kikishachimbwa, kipime kabla ya kununua pampu na matanki. Kibali cha kuchimba kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi yao kuu iko Moshi.

Mimi ningetuma pesa ya gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, kabla ya pesa ya kisima. Maji ya mvua karibu hayana floraidi, na hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la bati la mita 60 za mraba, ukitoa yanayopotea, linakupa kama lita 50 kwa kila milimita. Mvua ya milimita 100, ambayo Aprili peke yake huileta, ni lita 5,000. Familia ya watu watano wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika, ni 25 kwa siku. Kiangazi cha siku 150 kinakula 3,750. Tanki la lita 5,000 linatosha, mradi lisifulie nguo wala kunywesha ng'ombe. Hizo kazi ziachie kisima au bomba.

Yanapoharibika ni kwenye ufundi. Tanki likijaa lina uzito wa tani 5; likikalishwa juu ya mawe yasiyo sawa, kitako kinapasuka. Mwaga zege, hakikisha liko sawa kwa pima maji ya fundi. Gata iinamie upande wa tanki kama sentimita 1 kila mita 2, la sivyo maji yanatuama na mbu wanazaliana. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yana vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo simamisha bomba la inchi 4 kabla ya mdomo wa tanki, liyapokee hayo. Kila mita inashika kama lita 8. Kwa paa hili weka mita 3 au 4. Chini funga kofia ya kufungulia, itoboe tundu dogo ili bomba lijimwage lenyewe. Tundu likiziba kwa matope bomba linabaki limejaa, na mvua inayofuata uchafu wote unaingia tankini. Lifungue kila wiki wakati wa masika. Koki ya kutolea maji ikae sentimita 10 juu ya kitako, na maji haya bado yachemshwe, kwa ajili ya vijidudu.

Asiye na paa la kutosha atumie chujio la mkaa wa mifupa, ambao unanasa floraidi; kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kimeufanyia kazi miaka mingi. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo. Ikiungua hadi kuwa myeupe inapoteza nguvu. Isipoiva vizuri maji yananuka. Mkaa huu unachoka, na ukichoka ladha ya maji haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo andika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa ndoo tarehe ulipoujaza, na maji yaliyochujwa yarudishe maabara mara kwa mara.