Chupa ya Mawese na Wimbi la Chini ya Ziwa

Mwakeye! Walimu wenzangu, wazee wetu wa Katonga na Kibirizi mlioacha shughuli zenu mkaja, na nyie wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, poleni kwa joto la humu ndani.

Kwenye kibao hapo nje wameandika kwamba nitazungumzia matatizo ya utafiti katika fizikia, hisabati na uhandisi. Nikikifuata kichwa hicho chote tutalala hapa. Nitachukua ziwa letu la Tanganyika peke yake, na ndani ya ziwa nitachukua wimbi moja tu, ambalo hakuna aliyemo humu amewahi kuliona kwa macho.

Nimekuja na chupa. Nusu maji, nusu mawese ya hapa hapa Kigoma. Asubuhi niliianika juani yasije yakaganda. Imejaa hadi mdomoni, hewa hakuna. Kijana wangu, ilaze mezani. Sasa inua upande mmoja kidogo, urudishe taratibu. Mnaona? Mpaka kati ya wekundu na maji unakwenda na kurudi kivivu, kama mtu aliyeshiba ugali. Chupa hii ingekuwa na maji nusu na hewa nusu, yangecheza chapuchapu. Hewa ni nyepesi mno, kwa hiyo karibu uzito wote wa maji unayavuta kurudi mahali pake. Mawese ni mepesi kuliko maji kwa sehemu moja ya kumi hivi. Kinachovuta ni ile tofauti ndogo, na kinatakiwa kusukuma vimiminika viwili badala ya kimoja.

Sasa lifikirieni Tanganyika kuwa chupa iliyolazwa. Urefu wake ni kilomita 673, kutoka Burundi hadi Zambia. Kina kinafika mita 1,470, na duniani ni Baikal pekee linalolizidi. Juu kuna maji yenye nyuzi 26 au 27, chini kuna ya nyuzi 23 na kitu. Mita moja ya ujazo ya maji ya chini inaizidi uzito ile ya juu kwa pungufu ya kilo moja! Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unayasukuma maji ya moto kuja kaskazini, yanarundikana, na mpaka unazama upande huu huku kule Zambia ukipanda. Upepo ukilegea, rundo linarudi, linapitiliza, linarudi tena. Juu ya ziwa huoni kitu. Huko chini mpaka unapanda na kushuka mita nyingi.

Wazee wa Katonga, hapa ndipo linapowahusu. Maji ya huku kwetu yakipita kina cha mita mia na kitu hayana oksijeni, ila yana rutuba, kwa sababu kila kinachokufa juu kinazama huko na kuozea huko. Mpaka ukipanda, rutuba inasogea kwenye mwanga, mimea midogo inaota, vidudu vinaila, dagaa wanavila vidudu, na migebuka wanawafuata dagaa.

Wimbi hilo linachukua muda gani kwenda na kurudi? Wanafunzi wa kidato cha sita wanaweza kupiga hesabu hiyo jioni moja. Ukifanya ziwa kuwa sanduku lenye tabaka mbili, mwendo unatoka kama sentimita 70 kwa sekunde, nusu ya mwendo wa mtu anayetembea. Hiyo ni kilomita 60 kwa siku. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,346, basi siku 22. Wimbi la juu la urefu huo huo lingemaliza safari kwa saa tano.

Vipimo vilivyofanywa ziwani vinaonyesha zaidi ya hapo: karibu mwezi, kutegemea msimu. Ziwa si sanduku. Sakafu yake ina mabonde, kingo zina mikunjo, joto halibadiliki ghafla kama mawese na maji, na dunia yenyewe inazunguka ikiyapinda maji pembeni. Mlinganyo unaobeba yote hayo upo tangu karne ya 19, wa Navier, aliyeuandika 1822, na Stokes, aliyeukamilisha 1845. Kimsingi ni kanuni ya Newton ya nguvu na mwendo, ila inatumika kwa kila tone. Navier hakuwa mtu wa kukaa na chaki tu. Alikuwa mhandisi wa madaraja, na daraja lake moja la Paris lilibomolewa kabla halijamalizika. (Nawaambia hivi nyie mliopata sifuri muhula huu.)

Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba mlinganyo huo, katika pande tatu za urefu, upana na kina, hauwezi kuvurugika wenyewe na kutoa kasi isiyo na mwisho. Mwaka 2000 taasisi ya hisabati ya Clay, ya Marekani, iliuweka kati ya matatizo saba, kila moja kwa zawadi ya dola milioni moja. Limetatuliwa moja tu kati ya hayo saba, na Perelman, mwanahisabati Mrusi aliyelitatua, alizikataa hizo pesa. Wahandisi hawajamsubiri mtu: mameli yanaundwa, mabomba yanalazwa, kompyuta inakata maji vipande vipande na kukadiria. Meli yetu ya Liemba ilizamishwa 1916 huku injini zake zimepakwa grisi, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Waliopaka grisi hawakuwa na uthibitisho wa chochote. Walijua tu kutu inaingiaje.

Linalonikosesha usingizi mimi si la dola milioni. Ni la mwezi wetu huu wa angani.

Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti, mnapumzisha mitumbwi, mnashona nyavu. Kwa hiyo daftari lolote la dagaa lina pengo kila baada ya siku 29 na nusu. Na wimbi letu la chini linachukua muda gani? Karibu mwezi! Sasa tazameni balaa hilo. Saa ya ukutani ukiitazama kila baada ya saa 12 kamili, utaapa imesimama. Ukiitazama kila baada ya saa 12 na dakika tano, utasema inatembea, ila polepole ajabu.

Chukueni usiku wa mwezi mwandamo peke yake, mwezi hadi mwezi. Tuseme wimbi lina siku 27 na robo. Kila mara unapoandika, limekupita kwa siku mbili na robo. Baada ya miandamo 12 litakuwa limekuzunguka mzima. Daftari lako litaonyesha dagaa wakipanda na kushuka mara moja kwa mwaka, safi kabisa, nawe utaandika: huu ni msimu. Kumbe ulikuwa unatazama wimbi la mwezi kupitia tundu la mwezi. Sisemi msimu haupo. Upepo una msimu na kila mtu hapa anaujua. Nasema daftari hilo likijazwa miaka michache tu, peke yake haliwezi kutenganisha hayo mawili.

Dawa yake ni kupima joto la maji usiku ule ule ambao hakuna anayetoka. Nilijaribu. Nilifunga jiwe kwenye chupa ya chai, nikaishusha mita 60 ikiwa na hewa yake ndani. Ilirudi vigae. Mwalimu wa fizikia mzima nilisahau kwamba huko chini maji yanabana mara saba ya hapa juu. Fundi bomba mmoja wa mjini alinicheka, kisha akachukua kipande cha bomba, akaweka vifuniko viwili vya mpira wa tyubu vinavyofunguka kwa juu. Likishuka, maji yanapita ndani yake. Ukivuta, vifuniko vinajifunga na unapandisha maji ya kina kile kile. Tumelizungushia blanketi. Kupima tumejaribu mara tatu, na kilichobaki kusumbua ni kamba: mkondo unaivuta upande, hivyo mita 80 za kamba si mita 80 za kina. Kwenye hilo mwenye wazo anisaidie.

Mwezi utakuwa mpevu wiki ijayo. Kipimajoto ninacho, bomba ninalo, wanafunzi wawili wanaojua kuogelea wamejitolea. Mtumbwi sina. Mwenye wake utakaokuwa umepumzika, tuonane hapo mlangoni.