Pumu ya Ngozi: Mafuta Kwanza

Karibuni. Mama uliyekaa mbele, usimshike mtoto mkono, mwache ajikune. Mwenye pumu ya ngozi haambiwi "acha kujikuna" akaacha. Ninayo tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akifua shuka zenye vitone vya damu kila Jumamosi.

Haiambukizi, wala si uchafu. Ni ndugu wa pumu ya kifua, na mara nyingi ukoo mmoja unazo zote mbili. Ngozi yetu inavuja: maji yanatoka, sabuni, vumbi na vijidudu vinaingia. Inakauka, inawasha, unajikuna, inachubuka, inazidi kuwasha. Vitabu vingi husema itakuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi usiisubiri rangi hiyo. Tazama weusi uliokolea au ukijivu, vipele vidogo kwenye vinyweleo, na ngozi kuwa nene kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ila kama baba naye anawashwa usiku na ana vipele katikati ya vidole, huo huenda ni upele wa kuambukiza (skabi), na hapo nyumba nzima inatibiwa siku moja.

Sasa mafuta. Oga haraka kwa maji ya uvuguvugu, dodoki weka mbali, jikaushe kwa kugusagusa na kanga, kisha paka kabla ngozi haijakauka kabisa. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, ya bei ghali si lazima. Mtu mzima ambaye imemwenea mwili mzima anahitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Kikopo cha gramu 50 kikikaa miezi mitatu, hapo hamjapaka, mmenusa tu.

Ikiwaka, ndipo tunaleta steroidi, dawa ya kupaka ya kutuliza ngozi, aliyoandika daktari. Kamua kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza: hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Msiiogope, lakini zile tyubu za dukani zenye dawa tatu ndani yake, steroidi kali ikichanganywa na ya fangasi na ya bakteria, mziogope. Siku mbili unaona umepona, ukiendelea miezi usoni, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kitumbua.

Mama, mlete mtoto hapa mezani. Nani ana kiwembe cha kucha? Tuanze na hizo, halafu kila mmoja akamue kwenye kidole chake nione.