Bahari Isiyopwa: Msimu Wetu wa Kwanza na Boti Kuukuu ya Stockholm

Assalaam aleikum, watazamaji wangu wa Pangani, wa Tanga mjini na kwingineko. Leo ninazungumza nanyi nikiwa nimeketi juu ya sitaha ya boti yetu hapa Stockholm. Ni mwezi wa Oktoba, na mlingoti mnaouona nyuma yangu utashushwa kabla ya magharibi, kwa sababu kesho saa mbili asubuhi kreni itatutoa majini kwa ajili ya majira ya baridi.

Tangu niliporusha picha za boti hii mwezi wa Juni, wengi mmeniandikia kunipongeza kwa utajiri. Boti hii ni Albin Vega, aina iliyoundwa hapa Uswidi kuanzia miaka ya 1960 kwa ajili ya familia za kawaida. Ina urefu wa mita 8.25, mwili wake ni wa faiba, na hii yetu imenizidi umri. Mzee aliyeniuzia nilimlipa krona 25,000, ambazo hazifiki mshahara wangu wa mwezi. Kinacholiwa na boti hii zaidi ni Jumamosi zangu.

Marehemu babu yangu, aliyekuwa fundi wa mashua, alikuwa akisubiri bamvua, akiipweleza mashua ufukweni, na maji yakishatoka akiikwangua chini na kuipaka shahamu kabla hayajarudi, bila kumlipa mtu hata senti. Huku kwenye Bahari ya Baltiki maji hayapwi wala hayajai kiasi cha kumsaidia mtu, kwa hiyo anayetaka kuuona mkuku wa chombo chake hana budi kukinyanyua kwa kreni. Katika chama chetu cha wenye boti, kreni hukodiwa mara mbili tu kwa mwaka, na siku hiyo ni msaragambo mtupu: daktari na dereva wa basi wanavuta kamba moja, na asiyefika hutozwa faini. Tena kila mwanachama ana zamu ya kulinda gati usiku, nami nimezunguka na tochi hadi alfajiri kama sungusungu.

Aprili nzima nilikuwa chini ya boti. Rangi za zamani zilikuwa zimepandana matabaka, na kwa kuwa kabla ya mwaka 1989 boti ndogo za hapa zilipakwa rangi zenye sumu ya bati iliyokuja kupigwa marufuku, sikuthubutu kupiga msasa mkavu. Nilikwangua kwa maji, nikiwa nimevaa barakoa na kutandika turubai, nikakusanya kila unga uliodondoka na kuupeleka kunakopokewa taka za sumu. Mke wangu aliziba madirisha yaliyokuwa yakivuja, na kusema kweli mkono wake katika silikoni ni mwepesi kuliko wangu.

Julai tulielekea Sandhamn, kijiji cha kisiwani mashariki mwa Stockholm, kupitia visiwa ambavyo, pamoja na vidogo kabisa, hukadiriwa kufika 30,000. Sheria ya hapa inakuruhusu kulala usiku mmoja au miwili penye miamba isiyo karibu na nyumba ya mtu: unatupa nanga ya tezi, unasogea taratibu, kisha mmoja anaruka na kamba ya omo na kuifunga kwenye mti. Siku ya tatu, upepo ukiwa umekufa kabisa, injini ikaanza kufuka moshi. Kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya maji ya kupozea kilikuwa kimekatika mabawa, nami nilikuwa nimekiona kimepasuka tangu Mei nikasema kitamaliza msimu. Tulipiga kasia kwa saa mbili huku binti yetu akituhesabia. Wazee husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nililala ngamani kweli, nikiopoa vipande vya mpira kwenye mabomba.

Kazi ya leo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Maji ya hapa yana takriban gramu 6 tu za chumvi kwa lita, ilhali ya bahari kuu yana 35, hivyo huganda upesi, na maji yakiganda ndani ya injini hupasua chuma. Itanibidi niinyweshe injini kimiminika kisichoganda kutoka kwenye ndoo mpaka kitokee nyuma, kisha nipeleke betri nyumbani. Kigurudumu kipya nimeshanunua, viwili. Samahani, naona binti yangu ananipungia mkono kutoka gatini. Bila shaka ndoo imefika.